Nyama ya Mgeni Haiozi

Siku tuliyomzika Mama Winfrida, vijana waliokuwa wakigawa chakula walimpa Daktari Salome sahani ya mgeni. Nilimwona kupitia dirisha la jiko la nje, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, pembeni ya katekista, na mbele yake wamemwekea stuli yenye wali, maini na kipande cha paja kilichonona. Waombolezaji wengine walikuwa wanakula ugali na maharage, na nyama ya kuonjeshwa tu. Siwalaumu vijana. Wameona mama mtu mzima ameshuka kwenye gari lililochafuka vumbi la mbali, amevaa miwani, anasalimia kwa Kiswahili cha watu wa Kilosa. Wangemdhania nani kama si mgeni? Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, moshi umenijaa machoni, na machozi yangu yamepata pa kujificha. Niliacha kusonga ugali nikamtazama. Hakuigusa ile sahani. Katika maisha yangu namjua mtu mmoja tu aliyewahi kumwondolea Daktari Salome sahani ya mgeni, na mtu huyo ndiye tuliyetoka kumfunika kwa udongo.

Mambo ya kwetu, baba alikuwa nani na tulizaliwa wangapi, nayaacha. Hayana cha kuongeza hapa. Mwaka ninaoukumbuka ulianza msimu wa kuchuma kahawa, mimi nikiwa nimetoka chuo cha mifugo, mwembamba na mjuaji, nimepelekwa kumsaidia mtafiti aliyekuja Mbinga na kifaa cha kupima nyama kwa mwanga. Nilitegemea kukuta mashine ya kubebwa na watu wawili. Daktari Salome akatoa mfukoni mwa koti kitu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, akakibandika juu ya nyama, kikawaka kidogo na kuzima, na kwenye simu yake ukatokea mstari wenye vilima na mabonde. Akanieleza kama alivyokuwa akimweleza kila mtu, awe mkubwa wa ofisi au mchoma mishikaki. Nyama ikimulikwa hunywa sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine, ukiwemo mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Nyama ya leo hurudisha hivi, iliyoanza kuharibika hurudisha vile, hata kabla pua haijajua. Ila kifaa hakizaliwi na akili. Lazima kifundishwe nyama kwa nyama, hii nzuri, hii imechoka, hii imeoza, mpaka kijue tofauti. Waliomtuma walimpa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha kifaa hakijaijua nyama mbovu, kingerudi kwenye boksi lake na yeye angerudi darasani kufundisha, na nyama ingeendelea kuteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki, ifike huko jua la ziwa limeshaipiga, na mnunuzi asiwe na cha kumsaidia zaidi ya pua yake na kiapo cha muuzaji.

Nilimpenda siku ileile, nasema wazi. Nilikuwa nimezoea wasomi wanaokutuma maji kwa kidole. Huyu aliniuliza jina, akalitamka Eufrasia lote bila kulikata, na nilipokosea akasema, "Sawa, turudie," kana kwamba tumekosea wote. Baadaye, kama watu wote, alikuja kuniita Frasia. Nimefanya kazi na mabosi wengi tangu mwaka ule, na kila mmoja nimempima kwa neno hilo moja, turudie. Wengi hawana.

Tulipanga kwa Mama Winfrida, mjane aliyekuwa na mgahawa karibu na stendi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sakafu imesuguliwa kwa rangi nyekundu mpaka unaogopa kuikanyaga, ukutani picha ya Moyo Mtakatifu na kalenda ya mwaka uliopita ambayo aliipenda kwa sababu ya maua yake. Daktari alipewa chumba cha mbele chenye mablanketi mawili mazito. Mimi nililala na magunia ya mahindi, upande wa jiko, na kati yangu na jiko palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo redio sikuihitaji. Stoo ndogo ya nyuma ndiyo iliyokuwa ya kazi yetu: meza, sahani za bati na neti ya kuzuia nzi. Kila jioni Daktari aliandaliwa mezani peke yake, mara kuku na firigisi yake, mara samaki mbasa aliyepandishwa kutoka ziwani, na sisi tukala jikoni kwenye sinia moja tukigombea ukoko. Kuna siku alikuja jikoni akavuta kigoda. Mama Winfrida akamwinua kwa upole, akamrudisha mezani na kumwambia kwamba mgeni halishwi moshi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Alfajiri tunakwenda machinjioni, tunanunua nyama, tunaikata vipande na kuvipanga kwenye sahani ndani ya stoo, halafu tunavimulika asubuhi na jioni mpaka vioze. Shida ni kwamba havikuoza. Kipande kilianza kukauka kingo, tukafurahi, na kesho yake tukakikuta kinang'aa kama kimetoka buchani. Tuliisingizia baridi. Mbinga ya msimu wa kahawa si mchezo, shati unalolifua leo unalivaa wiki ijayo, kwa hiyo nyama kukaa haikuwa ajabu. Lakini baridi ikaisha, Oktoba ikaingia na joto lake, na nyama ya stoo ile haikuwa na habari. Simu ilisema kijani, kijani, kijani, maana yake nzuri. Daktari akaanza kukishuku kifaa. Alikifungua, akafuta kioo chake kwa pamba, akakifunga, akakijaribu kwenye ndizi, kwenye kiganja changu, kwenye mche wa sabuni. Hakumpandishia mtu sauti hata siku moja. Ila alianza kuacha chakula, na hilo Mama Winfrida aliliona kabla yangu.

Tukateremka ziwani, maana Daktari alisema Mbamba Bay hakuna baridi ya kusingizia. Tulifikia nyumba ya wageni iliyotazama maji, tukala ugali wa muhogo na dagaa, tukazunguka buchani tukiomba nyama ya jana. Hapo ndipo nilipoona maajabu. Mimi nimekulia kwenye masoko ambako muuzaji anakuapia kwamba nyama ya jana ni ya leo. Hawa walituuzia ya leo wakituapia kwamba ni ya jana. Mmoja, mwenye bucha njia ya kwenda Kihagara, aliweka mkono kifuani na kusema ilikuwa inaning'inia pale tangu jana asubuhi, Mungu ni shahidi. Daktari akaimulika: kijani. Na kipande tulichokiacha makusudi chumbani kivunde, mhudumu alidhani tumekisahau, akakikaanga kikiwa bado kizima akatuletea na ugali. Leo nacheka peke yangu nikikumbuka. Nani angemkabidhi mtu anayemdhania katoka serikalini nyama mbovu, tena mkononi, tena mgeni aliyesalimia vizuri namna ile? Lakini wakati ule tuliwaamini watu tukakitilia shaka kifaa. Daktari alikaa juu ya jiwe ufukweni, viatu mkononi, akasema labda wenzake wa chuoni waliokicheka kifaa chake walikuwa na haki. Nilikaa pembeni yake mpaka jua likatuondoa.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Februari, mvua inapiga bati, tumerudi Mbinga na mwaka unatuishia. Daktari alikuwa ameilaza mistari ya kipande kimoja, wa siku ya kwanza na ya siku za baadaye, mmoja juu ya mwenzake kwenye kompyuta yake. Akaniita. "Frasia, umewahi kuona nyama ikinenepa kwenye sahani?" Nikasema sijawahi. Akanionyesha kilima kidogo kwenye mstari, akasema kile ni mafuta. Mafuta yana alama yake. Kipande tulichokiweka kilikuwa hakina mafuta kabisa. Baada ya siku mbili kikawa nayo. "Nyama iliyokatwa hainenepi," akasema. "Hii siyo ileile. Kifaa hakijakosea hata mara moja. Tangu tumefika kinatuambia nyama ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Sisi ndio hatukukisikiliza." Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akautazama mlango wa stoo, kwa sababu ufunguo mmoja alikuwa nao yeye, na mwingine alikuwa nao mwenye nyumba.

Kesho yake nilisikia yote kupitia ule ukuta wa mbao. Mama Winfrida alikuwa anachambua maharage na jirani yake, wanachanganya Kimatengo na Kiswahili kama kawaida, na jirani akamuuliza mgeni anaendeleaje. Mama akashusha pumzi. Alisema mgeni wake ana mtihani mgumu. Wamemtuma aangalie kama nyama itaoza, na anavyoona yeye, ikioza watamfukuza kazi, kwani hajaona anavyokonda? Kwa hiyo kila wakitoka kwenda machinjioni, yeye huingia stoo, anatoa kipande kilichoanza kuchoka, anakata kingine chenye umbo lilelile kutoka nyama ya mgahawa, anakiweka. Jirani akauliza kama mgeni anajua. Mama akasema ajue ili iweje? "Nyama ya mgeni iozee kwangu, halafu mimi nitauficha wapi uso?" Nilikaa juu ya gunia la mahindi, sijui nicheke au nilie. Miezi yote ile mwanamke yule alikuwa ametulisha mezani na kutulisha stoo.

Nilipomweleza Daktari, ushauri wangu ulikuwa kununua kufuli jipya. Aliniangalia kwa huruma. "Ukimfungia mwenye nyumba mlango wa nyumba yake," akasema, "umeshahama." Asubuhi akaingia jikoni, akavuta kigoda, na kabla ya lolote akamshukuru Mama Winfrida kwa nyama yote. Mama akaacha kuchochea moto. Daktari akaeleza taratibu: kwamba mtihani si wake, ni wa kifaa, kwamba kifaa kimeona nyama nzuri tu, na asiyemjua mwizi hawezi kupiga kelele mwizi akipita, kwamba anahitaji nyama ioze, ndani ya nyumba hii, mbele ya macho ya mama mwenyewe. Niliuona uso wa Mama Winfrida ukifunga. Hakukasirika, aliumia. Akasema, "Daktari, chakula kioze kwangu makusudi, nakiona? Na harufu ikitoka hapa, watu wa stendi watakula kwa nani?" Na lilikuwa swali la haki, kwa sababu mgahawa ule ndio uliokuwa mume wake na shamba lake la kahawa. Daktari hakubisha. Akasema, "Mgeni siku mbili, Mama, ya tatu anapewa jembe. Mimi nimemaliza msimu wa kahawa na mvua zimeingia, na jembe sijapewa." Mama akamtazama mikono. "Mikono hiyo?" Daktari akasema, "Hii hii."

Basi Machi ile Daktari wa chuo kikuu alilima ngoro kwenye shamba la Mama, ng'ambo ya bonde. Asiyezijua ngoro zetu aje aone milima ya Umatengo: majani yanafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, mfano wa nondo za dirisha, halafu wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya majani, katikati linabaki shimo, na kwenye kingo zake wanapanda maharage. Mteremko ni mkali kiasi kwamba ukiteleza unamkuta jirani bondeni. Mara ya kwanza Daktari alifukia shimo badala ya majani, na wanawake waliokuja kutusaidia wakakaa chini kwa kicheko. Akacheka nao, akasema turudie. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, akavifunga vitambaa na kuendelea, na Mama Winfrida, ambaye nilitegemea atamwonea huruma mapema, hakumwonea. Alikuwa anamwangalia kwa pembe ya jicho, anavyoangaliwa binti aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Jioni ya siku tuliyomaliza upande wa chini, niliandaa meza kama kawaida. Mama akaja, akaichukua sahani ya Daktari pale mezani na kuipeleka jikoni. Kisha akaita, na kwa mara ya kwanza hakuita kwa cheo. "Salome, njoo ule. Huko mezani unamsubiri nani?" Akaja. Akakaa kwenye moshi, akala kwenye sinia letu, na ukoko akapewa yeye kwa sababu ndiye aliyelima.

Siku chache baadaye Mama Winfrida alitoka stoo ameshika sahani ya bati kwa mikono miwili, ameifunika kitambaa cheupe, kile cha kufunikia chakula cha padri. Alikuwa amegeuza uso pembeni. Harufu ilifika kabla yake. Akamnyooshea Daktari. "Mwanangu, chukua," akasema. "Mgeni nisingempa." Daktari aliipokea kwa mikono miwili, goti limekunjwa, kama anapokea kitu cha thamani, na kweli kilikuwa cha thamani. Akafunua, akamulika. Mstari ulikuwa umeporomoka mahali ambapo miezi yote ulikuwa umesimama. Ndiyo nyama mbovu ya kwanza ambayo kifaa kiliwahi kuiona katika wilaya yetu. Hakuruka, hakupiga makofi. Alisema tu asante, Mama, akafunika tena, na nilipoingia chumbani kwake baadaye nilimkuta anafuta miwani iliyolowa.

Mama Winfrida akifanya jambo halifanyi nusu. Wateja wake wa mgahawa aliwaeleza mwenyewe, kabla hawajauliza, kwamba nyumbani kwake kuna nyama inayooza kwa kazi maalumu, asiyetaka asile, na waliosusa walirudi ndani ya wiki kwa sababu supu yake haikuwa na mpinzani. Kisha akavaa kitenge chake cha Pasaka akateremka nasi Mbamba Bay. Alikwenda moja kwa moja kwa yule bwana aliyeapa na mkono kifuani, akasubiri shikamoo yake, akaitikia, halafu akamwambia, "Huyu ni mwanangu. Msimpe ya mgeni." Yule bwana akatutazama sote kwa zamu. Akainama nyuma ya meza, akavuta ndoo. Tangu siku hiyo tulipata mabaki mpaka tukawa tunayakataa, na kifaa kikajifunza kwa kasi, kijani, njano, nyekundu, kama mtoto aliyecheleweshwa shule.

Kahawa ilipoanza kuiva tena wakubwa waliomtuma Daktari walikuja kukijaribu, chini ya paa la soko la Mbamba Bay. Wenye mabucha waliandaa sahani zilizofunikwa, wao peke yao ndio wanajua ipi ni ipi, na safari hii hawakumhurumia mtu. Sitasema kifaa hakikubabaika. Kwenye nyama ya mbuzi kilisitasita na Daktari akakiri mbele ya wote kwamba hapo bado. Lakini mbovu zote kilizikamata, hata moja ambayo mkubwa mmoja aliinusa akasema yeye angeila. Mwenye nyama akacheka, akasema karibu sana, ila uilie jirani na choo. Kazi ikaongezewa muda. Mama Winfrida alikuwa amesimama nyuma ya umati, mikono kifuani, na kila rangi ilipotajwa aliitikia kwa kichwa kama mzazi kwenye matokeo ya mtihani. Ndivyo alivyomfaulisha Salome mtihani, safari hii kwa kuiacha nyama ioze.

Mimi ni mkaguzi wa nyama sasa, natembea mwambao wa ziwa na kifaa cha aina ileile mfukoni, chepesi zaidi na chenye akili zaidi. Wanaokiona husifu mashine. Mimi kikiwaka nyekundu namkumbuka mwanamke mmoja aliyekubali jina la nyumba yake linuke ili watu asiowajua wasiumwe matumbo. Ujuzi ule wote wa Daktari, na nauheshimu kuliko ujuzi wowote niliowahi kuukuta, ungerudi kwenye boksi kama asingejua pia namna ya kuomba jembe. Ni wachache wanaojua vyote viwili.

Nilikuwa nakwangua sufuria ya mwisho pale msibani mlango wa jiko ulipozibwa na mtu. Daktari Salome alikuwa amesimama na ile sahani mikononi, maini yameshapoa, nywele zake zimekuwa nyeupe zaidi ya zangu. "Frasia," akasema, "nani kanifanya mgeni kwetu?" Nikampokea sahani nikawapa watoto, nikamsogezea kigoda. Akaketi, moshi ukamfuata usoni kama zamani, nikambandulia ukoko nikamwekea kiganjani, akala huku analia, na mimi nikalia naye, wazi, bila kusingizia moshi. Alipomaliza alinawa. Kupitia mlango ulioachwa wazi lilionekana shamba la Mama ng'ambo ya bonde, ngoro za chini zimefukiwa vizuri, na za juu bado majani yamelala juu ya ardhi, yamekauka, jinsi Mama alivyoyaacha wiki ile alipougua. Daktari aliyatazama kwa muda. Kisha akakunja mikono ya gauni lake, akaniuliza jembe la Mama liko wapi.